Gari la otomatiki likigoma mlimani, anza kukagua hapa

Injini inanguruma, mshale wa resi umefika 4,000, gari liko palepale. Kabla hujasema giaboksi imekufa, vuta hendibreki, weka jiwe kubwa nyuma ya tairi, kisha mtu asimame pembeni (si nyuma) aangalie magurudumu wakati ukikanyaga mafuta kidogo. Yakizunguka kwa kuteleza, giaboksi haina kosa: punguza upepo wa matairi, ingiza L4 (gia nzito ya 4x4), panda polepole. Yasipozunguka, tazama mkono mdogo wa 4x4. Kwenye Prado na Surf za zamani unaweza kubaki N (huru), katikati ya H4 (4x4 ya mwendo wa kawaida) na L4, na hapo utaweka D mpaka uchoke. Tena mkono huo ukiwa N, hata P haizuii gari kuserereka. Ndiyo maana jiwe linatangulia.

Ukiondoa hayo mawili, mengi yanayobaki ni joto au upungufu wa oili ya giaboksi.

Torki konvata, inayounganisha injini na giaboksi, hupitisha nguvu kwa oili. Ukikanyaga mafuta wakati magurudumu hayaendi, nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya oili hiyo. Joto la kawaida ni nyuzi 80 hadi 95. Ikivuka 120, oili inaanza kuzeeka haraka. Gari lililotoka Dar asubuhi, likala kilomita zaidi ya 190 mpaka Morogoro na kuingia moja kwa moja njia za udongo za Uluguru kwa D na H4, halichukui muda kufika huko. L4 ingewekwa chini ya mlima, gari likiwa limesimama na gia iko N, si katikati ya kilima.

Taa ya A/T OIL TEMP ikiwaka, simama mahali salama, weka P, zima AC, lakini usizime injini. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukizima, oili haiendi tena kwenye rejeta kupoa. Subiri taa izimike. Gari lisilo na taa hiyo lipe kama dakika ishirini.

Kisha pima oili, na hapa ndipo wengi wanakosea. Tafuta tambarare. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote kuanzia P hadi L na kurudi P. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Soma alama za HOT. Ikipungua, ongeza robo lita, pima tena. Oili ikiwa chini kidogo, barabara ya lami haikuonyeshi kitu. Pua ya gari ikiinuka, oili inakimbilia nyuma ya sampo (beseni la oili chini ya giaboksi), filta inavuta hewa, presha inashuka na klachi za ndani ya giaboksi zinateleza. Ukirudi mjini gari linavuta vizuri, na fundi anakwambia halina ugonjwa! Mwambie atafute panapovuja. Prado nyingi za karibuni hazina dipstiki. Hizo hupimwa gereji kwa nati ya chini, oili ikiwa kwenye joto maalumu.

Dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu safi, sawa. Kahawia yenye harufu ya kuungua, klachi zimeanza kulika. Ikifanana na maziwa yaliyotiwa sharubati, kuna maji ndani: usiendeshe. Mara nyingi ni rejeta iliyotoboka ndani, ambako maji na oili hupoozwa jirani, na wanaojaza maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti wanaliharakisha tatizo hili wenyewe.

Jaribio jingine rahisi: tambarare, mguu kwenye breki, hamisha N kwenda D. Gari lishtuke kidogo ndani ya sekunde moja hivi. R isizidi moja na nusu. Ikichelewa, presha ni ndogo. Gari likikwama kwenye gia moja huku taa ya O/D OFF inapepesa, acha kulaumu oili kwanza, ni umeme. Soma kodi za hitilafu kwa mashine ya kupimia: zinazoanza na P07 ni za giaboksi, na huenda ni waya au solenoidi (vali ya umeme) tu, si giaboksi nzima ya mtumba kutoka Gerezani.

Wakati wa kubadilisha oili, fuata kitabu cha gari. Oili aina ya WS si sawa na Dexron III, na giaboksi ya CVT (isiyo na gia za hatua) ina oili yake. Kumwaga sampo hutoa lita chache tu. Nyingine inabaki kwenye konvata. Kwenye sumaku ya sampo, uji wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyovishika kwa vidole, hapana.

Ukishindwa kabisa, omba gari la kubeba. Kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini na injini imezimwa kunaikausha giaboksi, kwa sababu pampu haisukumi oili.