Mokapu ya bei chee kwa gemu ya VR: simu tatu, kamba na kipande cha triplai

Watu wananiuliza yule mvuvi kwenye gemu yangu ya VR (ile unavaa kifaa usoni unajiona uko ndani) nimemnasaje miondoko wakati suti za mokapu, yaani za kunasa miondoko ya mtu, zinauzwa mamilioni. Ni simu tatu, mbili kati yake za kuazima, laptopu, na programu tatu za bure, FreeMoCap ya kugeuza video kuwa miondoko ya 3D, ffmpeg ya kurekebisha video na Blender ya animesheni, basi. Jasho ndo utalitoa wewe.

Hatua ya 1: ubao. FreeMoCap inataka ubao wa ChArUco, ile miraba kama ya dama yenye vialama ndani, kwa huo ndo inajua kila kamera imesimama wapi. Nenda steshenari print A3, bandika kwenye triplai iliyonyooka. Usibandike kwenye boksi kama mimi, unyevu wa ziwa uliupinda usiku mmoja tu, kesho yake mtu wangu akatoka na mguu mmoja mrefu kama korongo nikakaa siku nzima natafuta kosa kwenye programu kumbe boksi. Alafu pima mraba mmoja kwa rula, milimita kamili, maana printa huwa zinapunguza. Ukikosea hapo mvuvi anatoka kibushuti, na kwenye VR mchezaji anasimama naye uso kwa uso, ataona tu.

Hatua ya 2: simu. Mimi natumia uani huku Nyegezi, Mwanza, kuanzia saa kumi na moja jioni jua likipoa. Panga simu nusu duara, kimo cha kifua, kila moja imuone mtu mpaka nyayo. Zote ziwe fremu 30 kwa sekunde au zote 60, funga fokasi na mwanga zisijibadilishe zenyewe. Upepo wa ziwa huo jioni unatikisa stendi, ning'iniza mfuko wa mchanga, simu ikisogea kidogo tu kalibresheni yote (vile programu ilivyojua kamera zimesimama wapi) imekufa unaanza upya.

Hatua ya 3: kurekodi. Washa simu zote na usizime yoyote. Zungusha ubao polepole, uinamishe huku na huku, uonekane na kamera mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Kisha piga kofi moja kubwa, hilo ndo la kuoanishia video.

Sasa kuigiza. Mwanzoni nilijirekodi mwenyewe navuta wavu ambao haupo, na kiukweli ilionekana navuta hewa, mgongo umenyooka kama niko gwaride. Nikamwomba mjomba mmoja mvuvi wa Igombe aje, nikampa kamba, upande wa pili nikafunga ndoo mbili za mchanga. Hapo mambo yakabadilika kabisa, kumbe mvuvi havuti kwa mikono, anavuta kwa kiuno na kisigino, mikono inashikilia tu. Kwahiyo uzito uwe wa kweli, na mtu ambaye huo mwendo ndo kazi yake ndo aigize, mpe soda na hela yake. Avae nguo ya kubana, sio kanzu wala koti la mvua.

Hatua ya 4: kukata na kusafisha. Simu nyingi hazishiki fremu sawasawa, pitisha kila video kwenye ffmpeg na `-r 30` (au 60 kama ulirekodi 60), kisha oanisha zote kwa lile kofi, uzikate idadi ya fremu ilingane kabisa. Kipande cha ubao kiwe peke yake na cha kuigiza peke yake. FreeMoCap ikimaliza fungua Blender. Mitetemo midogo lainisha kidogo tu, ukizidisha mtu anaelea kama yuko kwenye maji. Muda wako mwingi upeleke kwenye miguu, kwasababu nyayo zinazoteleza kwenye gemu ya simu hakuna anayejali ila kwenye VR mchezaji anaangalia chini anaziona. Pale mguu ulipokanyaga ufunge kwa IK, ile mbinu ya Blender ya kushikilia wayo sehemu moja na goti lijifuate lenyewe.

Hatua ya 5: ndani ya gemu. Toa faili la FBX kama gemu unaitengenezea kwenye Unity, glTF kama ni Godot. Mokapu hii ni ya wahusika wengine tu, kamera ya mchezaji usiiguse, ukimzungusha kichwa kwa animesheni atatapika.

Vidole kwa njia hii vinatoka vibovu, hasa vikishika kamba. Vyangu nilivirekodi baadae kwa Quest, kifaa cha VR cha kuvaa usoni, kamera zake zinasoma mikono, nikavipachika juu ya mwili wa mjomba.