Somo: Kuandaa taarifa ya mtaa ya dakika tatu kwa simu, pamoja na maswali ya wanachama

Hamjambo wanachama wa kituo chetu cha runinga ya kijamii hapa Mombasa. Kuanzia mwezi ujao kila eneo litakuwa na nafasi yake kwenye taarifa za mtaa: Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni. Nafasi hizo ni zenu nyinyi mnaoishi huko. Kamera za kuazima hazitoshi, basi wengi mtarekodi kwa simu, na somo hili ni lenu. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: upepo wa kusi umekaza, bahari imechafuka, samaki haba, bei juu. Ni habari inayorudi kila mwaka na kila mtu Mombasa anaijua, ndiyo maana ni ngumu kuifanya vizuri.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Mtazamaji wetu ni jirani wa huyo unayemhoji. Runinga ya taifa ikisema "wavuvi wa Pwani walia", hakuna wa kubisha, maana anayetazama yuko Nyeri. Wewe ukisema hivyo, kuna mtu Kuze anayejua ni mvuvi yupi aliyelia na yupi aliyepata changu wa kutosha jana. Ukionyesha kolekole ukamwita nguru, simu ya kituo itaita kabla taarifa haijaisha. Hatua zote hizi zimepangwa kwa kumfikiria huyo jirani.

Hatua ya 1: Ibane habari iingie kwenye sentensi moja

"Bei ya samaki" ni mada tu, bado si habari. "Mama karanga wa Kongowea anauza vipande vidogo kuliko mwezi uliopita kwa bei ileile, na hii ndiyo sababu": hapo umefika. (Mama karanga ni yule anayekaanga samaki na kuwauza.) Iandike kwa kalamu. Ikikushinda kuiandika, usitoe simu mfukoni bado.

Hatua ya 2: Nenda mara ya kwanza bila kurekodi

Nenda ufuoni, salimia, kaa. Mtafute mwenyekiti wa kamati ya ufuo, ile ambayo wengi huiita BMU, umweleze unataka nini. Uliza vyombo vinarudi saa ngapi, kisha uliza tena, kwa sababu jawabu linabadilika na maji. Siku za bamvua maji yanapwa mbali sana na mashua huenda ikasubiri nje hadi yajae. Nimewaona vijana wakifika na vifaa vyote saa nne ya asubuhi wakakuta mchanga mtupu na paka.

Safari hiyo ndiyo itakayokuonyesha watu wako watatu. Kwa habari hii ni mvuvi, tajiri anayenunua samaki wake, na mama karanga anayekaanga na kuuza. Fuata samaki mmoja kutoka mkono hadi mkono na uandike bei yake kila anapopita. Hesabu hiyo peke yake ni nusu ya taarifa, na hakuna kituo kikubwa kitakachopata muda wa kuifanya.

Hatua ya 3: Tayarisha simu

Ilaze simu. Picha iliyosimama huacha mapengo mawili meusi kwenye runinga. Kwenye mipangilio ya kamera chagua ubora wa 1080p, na kama simu inaruhusu, fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde. Sababu ni hii: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ukirekodi kwa fremu 30 ndani ya duka lenye taa za mirija, mara nyingi utaona mistari ikitembea kwenye picha. Weka simu kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu chumvi ya baharini huganda hapo na picha zote zikawa na ukungu. Hakikisha nafasi ipo, dakika moja huweza kula zaidi ya MB 100.

Hatua ya 4: Sauti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi nyingi tunazozikataa hukataliwa hapa. Picha ikitikisika watu wataivumilia. Mvuvi akisema jambo la maana huku upepo ukivuma ndani ya maiki, mtazamaji anabadilisha chaneli.

Kusi linatoka baharini. Ukimsimamisha mtu bahari ikiwa nyuma yake na maiki imebanwa kifuani, mwili wake unaukinga upepo. Vizuri. Lakini sasa nyuma yake ni anga na maji yanayong'aa, na uso unageuka kivuli. Kila anayerekodi ufuoni hukutana na tatizo hili, na dawa ni kuhama. Mpeleke kwenye ubavu wa mashua iliyopandishwa mchangani, au nyuma ya ukuta wa banda la samaki. Upepo unapungua, mwanga unatulia, na mashua yenyewe inaonyesha mko wapi.

Huna maiki ya kubana nguoni? Tumia simu ya pili. Iwashe irekodi sauti, itie kwenye mfuko wa shati wa anayehojiwa, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalokusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kukata na kuunganisha video. Funika maiki kwa sponji au kipande cha soksi ya sufi. Vaa visikizio muda wote, usibahatishe.

Tuktuk ikipita, subiri ipite. Adhana ikianza, simamisha mahojiano. Heshima ni sababu ya kwanza na inatosha. Ya pili ni ya kiufundi: ukikata maneno ya mtu huku adhana ikisikika nyuma, adhana nayo inakatika na kuruka, na hilo litakuletea malalamiko ambayo huna la kuyajibu.

Kabla ya kuondoka, rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali bila mtu kuzungumza. Mhariri ataitumia kuziba mianya.

Hatua ya 5: Mahojiano

Rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Saa sita jua letu liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Mkilazimika, ingieni kichochoroni. Mji wa Kale una vivuli vya kutosha.

Dada aliyevaa buibui jeusi mbele ya ukuta wa chokaa nyeupe ni mtihani kwa simu yoyote. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, ndipo uanze. Na msogeze mbali na ukuta.

Swali la kwanza liwe jina na kazi yake, akiwa anarekodiwa, ili tusije tukalikosea kwenye maandishi. Kisha uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au la. "Hali ni ngumu?" utaambiwa ngumu, basi. "Jana ulinunua wapi, kwa shilingi ngapi, ukauzaje?" hapo ataeleza. Nyamaza akimaliza. Watu wengi husema la maana baada ya kunyamaza.

Mvuvi akimlaumu tajiri kwamba anambana bei, tajiri apewe nafasi ya kujibu ndani ya taarifa hiyohiyo, si wiki ijayo. Akikataa, tutasema amekataa.

Hatua ya 6: Picha za kujazia

Kila picha ishike sekunde kumi bila kusogeza simu. Pata mahali pote kwa mbali, mtu akifanya kazi, mikono yake, uso wake, na kile anachokitazama. Mikono ndiyo inayosahauliwa. Kisu kikipara magamba, noti zikihesabiwa zikiwa na maji, samaki wakiinuliwa kutoka kwenye karai la mafuta: hizo zinaeleza biashara kuliko maneno yako. Pia piga mizani kwa karibu, namba zisomeke.

Hatua ya 7: Kuandika na kukata

Anza na mama karanga. Najua mtavutiwa kuanza na mgeni rasmi, au na historia ya biashara ya pepo za msimu tangu enzi za majahazi ya Omani. Msianze. Historia iko makumbusho, na mgeni rasmi amezoea kungoja watu, mara hii na yeye angoje.

Sisi hukadiria maneno 110 hivi kwa dakika ya kusoma. Sauti yako isizidi nusu ya taarifa, kwa hiyo maandishi yako yasipite maneno 165. Usisimulie kinachoonekana. Mtu haambiwi "hapa mama anakaanga samaki" akiwa anamwona. Mwambie asichokiona: alinunua kwa shilingi ngapi, na jana ilikuwa ngapi.

Hatua ya 8: Kuleta kituoni

Usitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa mpaka picha inakufa. Itume kama hati, au lete kwenye flashi. Andika jina la faili lenye eneo na tarehe. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kijana wa Likoni:* Bi Mhariri, naweza kurekodi nikiwa ndani ya feri? Kila siku navuka na habari ziko tele.

Omba ruhusa kwanza, mwanangu, ndani ya feri na bandarini pia. Ni maeneo ya usalama na walinzi watakusimamisha. Habari ya abiria waweza kuipata kwenye stendi za matatu, upande wowote. Fort Jesus nayo iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na kurekodi ndani kunahitaji kibali chao. Kuhusu droni ulizoniuliza faraghani: zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mimi binafsi nimechoka na picha za paa.

*Mwalimu wa madrasa, Majengo:* Assalam aleikum. Tuna mashindano ya qaswida na watoto watakuwa wengi. Itakuwaje?

Waaleikum salaam Mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Njia rahisi ni kuandaa karatasi moja, mzazi atie sahihi anapomleta mtoto. Asiyetia sahihi, mtoto wake akae safu ambayo kamera haielekei, na aelezwe vizuri asije akadhani amefukuzwa.

*Shabiki wa taarabu, Mji wa Kale:* Mbona mmeondoa nyimbo kwenye taarifa yangu ya harusi? Imekuwa kavu.

Ndugu yangu, wimbo una mwenyewe. Ukiubandika juu ya picha zako bila leseni, kituo ndicho kitakachodaiwa. Ngoma ikisikika kidogo kwa sababu ipo ukumbini ni jambo jingine, lakini wewe uliweka wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, juu ya watu wakila biriani. Kuna kina mama wanaoimba vizuri hapohapo harusini. Warekodi wao, kwa idhini yao.

*Mkazi wa Changamwe:* Nimeuliza ofisi moja ya umma kuhusu mtaro uliokwama, naambiwa "njoo kesho" kila nikienda.

Acha kwenda, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kwa maandishi, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakati unangoja, mpigie picha mtaro mvua ikinyesha na mvua ikiwa imekatika, mahali palepale uliposimama.

*Mwanafunzi wa chuo, Bamburi:* Hili wazo la kila mwananchi kupewa muda hewani lilitoka wapi? Mbona vituo vingine havina?

Mji wa New York ulikuwa na chaneli za namna hii kwenye kebo tangu 1971. Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya Marekani iliamuru kampuni za kebo kwenye masoko 100 makubwa zitenge chaneli kwa ajili ya wananchi, elimu na serikali za mitaa. Mahakama ya Juu yao ikazitupa kanuni za namna hiyo 1979. Sheria ya 1984 ikaruhusu miji yenyewe kudai chaneli hizo kwenye mikataba, pamoja na ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni. Kwa hiyo kule fedha nyingi zilitoka kwa waliochimba barabara kupitisha nyaya.

Kwetu hakuna mpango kama huo. Sheria inautambua utangazaji wa kijamii kando na ule wa umma na wa kibiashara, lakini haimlazimishi yeyote kuulipia. Na tangu mitambo ya analojia izimwe 2015, kituo kidogo hakiwezi kusimamisha mlingoti wake na kuanza. Mawimbi ya runinga hupitia kampuni za usambazaji kama Signet, na nafasi hiyo inalipiwa. Vituo vikubwa vinauza matangazo. Sisi tunachangishana, ndiyo maana nakusumbueni kuhusu ada ya uanachama.

*Dereva wa tuktuk, Kisauni:* Nina video ya ajali ya jana, inaonyesha kila kitu. Mnaitaka?

Hapana, kaka. Taarifa yetu inarushwa kabla ya saa nne usiku, saa ambazo kanuni za utangazaji zinataka vipindi vifae kwa familia nzima. Na kuna nyumba iliyofiwa hapo Kisauni inayotutazama. Tunachokitaka ni ile kona: gari zinavyokata, tuta lililofutika, wenye maduka wanaosema hii si mara ya kwanza. Nenda karekodi hiyo, wewe unapita hapo kutwa.

*Mama wa Mikindani:* Je, tunalipwa?

Hapana shangazi. Nauli ikipatikana mtapewa.

*Kijana wa Likoni (tena):* Na maiki ya kuazima?

Ziko mbili, njoo na kitambulisho. Zinatoka Alhamisi zinarudi Jumatatu, betri zikiwa zimechajiwa, na ile sponji yake ikiwa juu yake.