Jeraha la Mwaridi Ndilo Linaloita Bakteria

Ukienda kununua mche wa mwaridi kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Dar es Salaam, usianze na ua. Fukua udongo wa kiriba kwa kidole, utazame pale shina linapokutana na mizizi. Juzi nilifanya hivyo nikakuta nundu ya ukubwa wa ndimu, ngumu, imepasukapasuka kama tangawizi kavu. Juu, mche ulikuwa na maua matatu mekundu.

Nundu hiyo huletwa na bakteria wa udongoni, Agrobacterium tumefaciens. Anaweza kukaa ardhini miaka bila kudhuru kitu. Kinachomwamsha ni jeraha. Mmea ukikatwa huvuja sukari na kemikali za kujitibu, na mojawapo, asetosiringoni, ilitambuliwa kwenye tumbaku mwaka 1985. Protini ya bakteria iitwayo VirA huinusa kemikali hiyo, kisha huiamsha protini nyingine, VirG, nayo huwasha jeni za mashambulizi. Hapo bakteria hukata kipande cha DNA yake na kukiingiza kwenye seli ya mmea. Kuanzia hapo mmea wenyewe ndio unaojenga uvimbe, tena unampikia bakteria chakula chake. Ndiyo maana kupulizia dawa juu ya nundu ni kutupa hela: hata bakteria akifa, uvimbe unaendelea kukua.

Basi linda kidonda. Karibu na shina palilia kwa mkono, maana jembe likikwaruza mzizi umeshafungua mlango. Usijaze viriba kwa udongo uliotoka kwenye miche iliyougua. Na mkasi, jamani! Wengi huuosha asubuhi mara moja, kisha wanapogoa au kubebesha miche mia. Uchovye kwenye spiriti kila unapohama mche, au kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Ukimaliza kazi usuuze na kuupaka mafuta, klorini hula chuma.

Mche wenye nundu usiukate nundu ukaurudisha sokoni. Ng'oa wote na udongo wa mizizi, uchome, usiupeleke kwenye mboji. Shimo lile lipe mahindi au mchaichai kwa misimu kadhaa. Jamii ya nyasi kwa kawaida haishambuliwi. Kisha rudi ukafukue viriba vya jirani, kimoja kimoja, kabla hujaushika mkasi tena.