Kabla hujalipia injini ya boti Nairobi

Unanunua injini ya boti hapa Nairobi ikafanye kazi Ziwa Turkana au kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria? Uliza kwanza fundi wa huko amezoea ipi: tu-stroki, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili, au fo-stroki, yenye oili yake kando. Tu-stroki haina vali za kichwani wala sampu (beseni la chini) ya oili; vya kuharibika ni vichache, plagi na kabureta unasafisha hapohapo ufukweni. Kwa Turkana, gereji zilivyo mbali, mimi ningechukua hiyo. Ila pima mchanganyiko: nyingi hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na kukadiria kwa macho hukwamisha pistoni. Fo-stroki hunywa mafuta kidogo na hudumu, mradi ubadilishe oili kila saa 100 na uchuje petroli. Ikiwa ni mtumba, legeza skrubu ya oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, sili (mpira wa kuzuia maji) inavuja, usilipe.