Kubadili jina la kopi kwenye Windows

Ukikopi faili na kulipesti folda ileile, Windows inabandika " - Copy" mwishoni. Enzi za Windows XP ilikuwa "Copy of" mwanzoni, na kwa kweli ile ilikuwa mbaya zaidi maana ukipanga kwa alfabeti kopi zote zinakimbilia herufi C, mbali na faili lenyewe. Habari njema ni kwamba unaweza kujiamulia mwenyewe.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, piga Enter. Itafunguka programu ya kuhariri rejista, yaani sehemu Windows inapotunza mipangilio yake. Kabla hujagusa kitu nenda File halafu Export utunze bakapu, hii usiiruke kabisa maana rejista haina undo. Sasa fuata njia hii:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer

Ndani yake tafuta NamingTemplates, kama haipo tengeneza kwa New, Key. Ukiwa humo bonyeza New, String Value, iite CopyNameTemplate, ifungue na uandike jinsi unavyotaka, mfano:

%s_kopi

Hiyo %s ndo inashika nafasi ya jina la faili, so bajeti.xlsx inazaa bajeti_kopi.xlsx. Ukiiacha %s peke yake inaongeza namba tu, bajeti (2), mi naipenda hii sana, iko safi. Usiweke alama kama / : * ? au | maana haziruhusiwi kwenye majina ya faili.

Ukitaka kurudi kama zamani futa tu hiyo CopyNameTemplate.