Kabla hujapanda paani: tahadhari za Uttarayan kwa mgeni wa Gujarat

Kila Januari vijana wetu wanaosoma Gujarat, jimbo la India, na ndugu waliosindikiza wagonjwa huko, hualikwa na majirani kupanda juu ya paa kurusha tiara. Nendeni. Tarehe 14 ni Uttarayan, sikukuu ya tiara, 15 ni Vasi Uttarayan, siku yake ya pili, na siku hizo mbili jiji zima la Ahmedabad huhamia paani na muziki wake, chikki (kashata) za ufuta na karanga, sufuria za undhiyu, mchanganyiko wa mboga, na kelele za "kai po che!", yaani nimekata, kila tiara ya mtu inapokatwa. Ila msidhani ni zile tiara za gazeti na chelewa tulizorusha utotoni. Kule tiara zinapigana, na uzi wake umetengenezwa ili ukate.

Vaa raba, siyo ndala. Chukua kofia na miwani ya jua, maana utashinda ukitazama juu. Vidole vya shahada vizungushie plasta ya kitambaa kabla hujashika uzi. Ukisubiri uone damu umechelewa.

Kagua ukuta wa paa. Nyumba za mji wa zamani, kwenye vichochoro vya pol, yaani mitaa ya kale, zimebanana, na kila aliye juu anarudi kinyumenyume macho yakiwa angani. Mtoto apewe mtu mzima ambaye siku hiyo hana tiara, kazi yake ni mtoto tu. Paa lisilo na ukuta, shuka, hata mwenyeji akinuna.

Tiara ikinasa kwenye nyaya za umeme, isamehe. Hakuna kuichokonoa kwa fimbo wala bomba. Kuna uzi uliopakwa unga wa chuma, nao unapitisha umeme.

Kuhusu uzi wenyewe: manja ya jadi ni pamba iliyopakwa gundi, rangi na unga wa kioo. Utawaona wapakaji kando ya barabara, vidole vimefungwa vitambaa, wakienda na kurudi kati ya nguzo, kiganjani wana donge la mchanganyiko huo, rangi ya waridi. Hiyo inakata, lakini ikivutwa sana inakatika. Balaa ni ile inayoitwa manja ya Kichina, ingawa nyingi inatengenezwa India kwenyewe: nailoni, haiozi, haikatiki. Mahakama maalumu ya mazingira ya India, National Green Tribunal, iliipiga marufuku nchi nzima mwaka 2017, na bado inauzwa kwa siri. Muuzaji akianza kukunong'oneza, ondoka dukani.

Sasa barabara, na hapa nitarefusha, kwa sababu wageni wengi wanajiandaa kwa paa na kusahau kwamba wataendesha kwenda huko.

Mwenzetu mmoja, Mtanzania, alikuwa kwenye skuta mbele yetu jioni ya tarehe 14, tunapanda flaiova. Mwendo wa kawaida tu. Ghafla mkono wake wa kushoto ukaruka shingoni, skuta ikayumba. Hewani hatukuona kitu. Tulipomfikia alikuwa amesimama, kidevu juu, amekamata kitu kisichoonekana, na damu inashuka kwenye kiwiko. Uzi ulikuwa umepasua tabaka la kwanza la mtandio wake wa sufu, ule aliouvaa kwa sababu ya baridi ya asubuhi, ukazama kwenye tabaka la pili. Na ulikuwa bado unakwenda! Mwenye tiara yuko paani huko, anavuta uzi wake, hana habari na shingo ya mtu. Kila alipovuta, vidole vya mwenzetu viliingia ndani zaidi. Dereva wa riksho akashuka, hakusema neno, akawasha kiberiti cha gesi akauchoma uzi kando ya mkono wake. Ukakatika papo hapo. Shingo ilibaki na mstari mwekundu. Vidole viwili vilishonwa, na kimoja hakikunji vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo, siku hizo panda basi au gari lililofungwa. Polisi wa Surat, jiji jingine la Gujarat, hufunga flaiova kwa pikipiki wakati huo, na hawafanyi hivyo kwa kupenda. Kama huna budi, mtandio mzito mizunguko miwili hadi kidevuni, kofia ngumu yenye kioo kilichoshushwa, na ule upinde wa chuma unaofungwa kwenye usukani ili uzi ukwame hapo. Mtoto asisimame mbele ya skuta. Ukihisi uzi, achia mafuta, funga breki, inamisha kidevu. Usiudake kwa mkono mtupu. Aliyekatwa shingo, bana kidonda kwa kitambaa kwa nguvu na usifunue kuchungulia. Gari la wagonjwa ni 108.

Lahore, Pakistan, ambako tiara ni za Basant, sherehe ya kukaribisha machipuko, vifo vya namna hii ndivyo vilivyofanya zipigwe marufuku kwa miaka mingi.

Ndege nao. Alfajiri na magharibi, wanapotoka na kurudi viotani, shusha tiara. Serikali ya Gujarat ina kampeni ya kuwaokoa, Karuna Abhiyan. Uzi uliobaki ukusanye, usiuache paani. Mtandio nao usiuvue tarehe 16, nyuzi huning'inia kwenye miti na nguzo siku nyingi, hasa kwenye vichochoro. Usikimbilie tiara iliyokatwa ikiangukia barabarani. Usiku mtu akikuletea taa ya kurusha yenye moto, kataa. Na namba ya mwenyeji wako iandike kwenye karatasi, simu huanguka kutoka paani kama kawaida.