Kabla hujaanza kukariri maneno magumu ya Kiingereza

Zile orodha za "maneno 1,000 magumu ya Kiingereza" zinazozunguka WhatsApp zina wateja wengi, ila wanaofika herufi C ni wa kuhesabu. Shida si uvivu. Mtu anaanza kukariri kabla hajajua maneno hayo anayatakia nini. Anayejiandaa na IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi vya nje, muuguzi anayetaka kusoma makala za fani yake, na anayependa tu kusoma riwaya bila kukwama, kila mmoja ana maneno yake. Amua kwanza wewe ni yupi, na hapo hapo nusu ya orodha utaitupa.

Kisha pima msingi wako. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 ambayo Kiingereza cha kawaida huyaegemea. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand akakusanya familia 570 (neno pamoja na minyumbuliko yake) za maneno ya kitaaluma yasiyomo humo, kama vile "analyse" na "significant", nayo hubeba karibu asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya vyuoni. Sasa linganisha na "sesquipedalian", ambalo unaweza kumaliza shahada bila kukutana nalo. Namna rahisi ya kujipima ni kuchukua ukurasa wa kitu unachotaka kukielewa, uhesabu maneno 100, na upigie mstari usiyoyajua. Watafiti wa usomaji kama Paul Nation hukadiria kwamba msomaji anayejisomea mwenyewe kwa raha huwa anajua maneno 98 kati ya kila 100. Ukipiga mistari kumi na tano, bado hujafika kwenye maneno magumu. Rudi kwanza kwenye yale ya kawaida.

Kamusi nayo iandae mapema, na hapa usibahatishe. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili inafaa kuanzia, lakini ukiishia hapo itakuponza. Chukua "famous" na "notorious". Yote mawili unaweza kuambiwa ni "maarufu", na ndivyo mwombaji kazi anavyojikuta ameandika "I am notorious for my punctuality", akidhani anajisifu. "Notorious" ni umaarufu wa mabaya: jambazi, barabara inayoua watu, kampuni inayodhulumu. Kamusi za wanaojifunza, kama zile za Oxford na Cambridge zinazopatikana bure mtandaoni, hueleza maana kwa Kiingereza chepesi, hutoa sentensi za mfano, na hukudokeza kama neno ni rasmi au lina kejeli ndani yake.

Halafu kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo zito kuliko yote: kila neno lina wenzake linaotembea nao. Sisi kwa Kiswahili tunapunguza uzito, tunapunguza sauti ya redio, tunapunguza madhara ya ukame, kitenzi ni kile kile. Mwingereza kwenye uzito atasema "lose weight", kwenye redio "turn down the radio", na kwenye ukame "mitigate the effects of drought". Ukikariri kwamba "mitigate" ni kupunguza, siku moja utaiomba familia nzima "mitigate" redio. Kwa hiyo daftari lako lisiwe na safu mbili za neno na maana. Kila neno lipe sentensi nzima uliyoikuta mahali, na chini yake moja ya kwako kuhusu jambo unalolijua.

Sikiliza kabla ya kukariri. Mkazo wa Kiswahili karibu siku zote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ila wa Kiingereza unahama: "photograph" huukuta mwanzoni, "photography" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Herufi "b" ya "subtle" haitamkwi kabisa. Kamusi za mtandaoni zina kitufe cha sauti, kibonyeze.

Viambishi vya Kilatini na Kigiriki vinasaidia kidogo. Ukijua "bene" ni wema na "mal" ni ubaya, "benevolent" na "malevolent" havitakutisha. Ila usivitegemee kukisia kila kitu.

Marudio yapangie ratiba tangu siku ya kwanza. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi tulichokikariri, na dawa yake inajulikana: rudia leo, kesho, baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki. Kadi za karatasi zinatosha. Programu ya Anki hukupangia siku hizo yenyewe, na kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure. Maneno matano kwa siku yanatosha kwa mtu mwenye kazi na familia. Anayekuahidi hamsini anauza kitu.

Kama lengo ni IELTS, fahamu kwamba msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne katika kuandika na kuzungumza, sawa na robo ya alama za kila sehemu. Msahihishaji huangalia kama neno limekaa mahali pake, na neno adimu lililowekwa vibaya linakupunguzia. Na usikimbilie kulipia mtihani: matokeo kwa kawaida hukubalika kwa miaka 2 tu, kwa hiyo angalia kwanza maombi ya chuo yanafunguliwa lini.